Kengele ya Ghorofa ya Tatu

Kiuu, Ruiru
Jumamosi, 2 Machi 1996

Kwa Baba,

Natumaini barua hii itakukuta mzima. Sisi huku tupo.

Najua utashangaa kuona mwandiko wangu. Hata mimi nashangaa. Tangu ile simu ya Novemba nilijiapia kwamba sitakusumbua tena, na kama si jambo la kazi ningeendelea kunyamaza. Kwa hivyo nitasema lililonileta kisha nikuache na shughuli zako.

Mwezi uliopita nilifanya mtihani wa kushona katika kile kiwanda kipya cha nguo hapo Thika, kile cha ghorofa tatu karibu na reli. Nilipita. Nimepewa nafasi ghorofa ya juu kabisa, ya tatu, kwenye mashine za kola, na tuliambiwa tutaanza tarehe mosi Aprili. Lakini juzi supavaiza alituambia kwamba tarehe hiyo inategemea majaribio ya mambo ya moto. Alisema majaribio yanasimamiwa na mzee mmoja mkali anayeitwa Munyao, na kwamba asipotia sahihi hakuna atakayekanyaga ndani. Wasichana wenzangu walicheka. Sikuwaambia kwamba huyo ni babangu.

Siombi upendeleo. Nataka kujua tu kama jengo litafunguliwa tarehe hiyo au nitafute kwingine. Junaid huenda dukani asubuhi na kurudi jioni, na nyumba hii mchana kutwa imenishinda. Nahitaji mahali pa kwenda, tena mahali penye kelele.

Barua nampa Nzau wa gari la mkate, maana hupita hapa kila asubuhi na anasema anakujua. Ukijibu, mpe yeye.

Ni mimi,
Ikhlas Junaid, uliyemwita Mbinya


Makongeni, Thika
Jumanne, 5 Machi 1996

Binti yangu Mbinya,

Nzau alinipa barua yako jana saa nne, inanukia mkate, nikaenda kuisomea nyuma ya tangi la maji ili vijana wasinione uso. Umeniandikia kama mtu anayeandikia serikali. Lakini mwandiko ni wa mama yako mtupu, hata zile R zake zinazolala, basi nilifurahi hata kukemewa.

Nianze na la kazi. Mimi sitengenezi chochote pale. Fundi wa kengele, anayeitwa Erastus, amejaribu kengele zake akaleta karatasi inayosema ziko safi. Wa pampu ya maji ameleta yake: safi. Wa feni, wa lifti, wa kufuli za milango, wote safi. Ukiwasikiliza utadhani jengo litazima moto lenyewe kisha likupikie chai. Ila hakuna hata mmoja aliyemngoja mwenzake. Moto ukitokea hauwaiti mafundi mmoja mmoja. Moshi ukifika kwenye kile kidude cha darini, wakati huo huo kengele zote zilie, feni zisimame zisisambaze moshi, lifti ishuke chini na kujifungua, milango ya ngazi iachie kufuli, pampu iwake. Kazi yangu ni kuwaleta hao wote siku moja, kila mtu mahali pake na saa na kalamu, tuone kama mitambo yao inajuana.

Unakumbuka lile godauni la pamba lililoungua mwaka wa themanini na nne, pale kiwanda cha kufuma nilikofanyia kazi? Ulikuwa darasa la sita. Pampu ilikuwa nzima siku hiyo. Mtu wa stima naye alifanya alivyofundishwa, akakata stima ya kiwanda kizima ili watu wasirushwe. Pampu ikafa, maji yakakauka mpirani mikononi mwetu. Kila mtu alifanya kazi yake vizuri, na godauni likaisha. Bahati ilikuwa Jumapili. Tangu hapo siamini karatasi inayosema safi mpaka nione zote zikifanya kazi kwa pamoja.

Majaribio yatakuwa Jumamosi tarehe 23. Yakipita nitatia sahihi na utaanza mosi. Hao wanaoniita mkali hunicheka pia, kwa sababu kengele ikilia napenda kuiwekea kiganja. Wanasema mzee anazibariki. Ni mazoea ya zamani tu.

Chumba changu ni kile kile. Tangu mama yako afariki napika unga wa kikombe kimoja na bado ugali unabaki. Majirani wa upande ule walihama, na siku nyingine Ijumaa jioni hadi Jumatatu sineni neno na mtu. Sisemi hivi ili unihurumie. Barua huenda na habari, nami ndizo nilizo nazo.

Sasa lililo moyoni. Ile simu yako ya Novemba ilinifurahisha kuliko ninavyoweza kuandika. Karani wa kazini aliniita kwa mkono, akaniambia ni binti yako, nikajua papo hapo kwamba ni habari za mtoto. Yale niliyoyasema ulipoolewa, juu ya dini ya Junaid na watu wake, niliyasema kwa hasira, na mtoto ameyafuta. Januari nilifika hadi Kiuu. Niliulizauliza nikaonyeshwa mlango, nikapiga hodi mara tatu kama ilivyo desturi ya nyumba yenu, nikangoja, sikuitikiwa. Nikarudi zangu.

Mjukuu wangu sasa ana miezi minne, bila shaka shingo imekaza. Mama mmoja hapa Makongeni amemfumia sweta. Nilichagua rangi ya manjano kwa sababu, unisamehe, sikushika vizuri kama ni wa kike au wa kiume. Nzau amelibeba pamoja na barua hii. Mvishe, umwambie limetoka kwa babu yake.

Babako,
Munyao


Kiuu
Ijumaa, 8 Machi 1996

Baba,

Sweta nimelirudisha. Nzau hakujua amebeba nini, usimlaumu.

Nimekaa siku mbili nikijiuliza kama wewe ni mkatili au umeanza kuchanganyikiwa, na sijui niombe lipi liwe kweli.

Ilikufurahisha? Tarehe kumi na sita Novemba nilikupigia simu kutoka kibanda cha posta ya Ruiru, Junaid amenishika mkono, kukuambia kwamba mtoto wangu amekufa. Aliishi siku tisa. Nilikuambia mara ya kwanza, ukasema, "Haya." Nikadhani hukunielewa, nikarudia. Ukasema, "Vizuri." Nikarudia mara ya tatu, sasa nalia, ukasema, "Tumshukuru Mungu," ukaweka simu chini. Junaid alikuwa ameegemeza sikio karibu na langu. Alisikia pia.

Wazazi wengi husema maneno makali binti akiolewa na watu wa dini nyingine. Ulisema yako, nikayameza, nikijua yatapita. Lakini hili la kumshukuru Mungu kwa sababu mtoto wa Mwislamu amekufa nilishindwa kulimeza.

Tena unasema ulikuja Januari usiitikiwe. Januari nzima sikutoka mlangoni, Baba. Nilikuwa kitandani, nimegeukia ukuta. Usiongeze na uongo.

Niandikie tu kama tarehe ya kazi itabadilika. Mengine usiandike.

Ikhlas


Makongeni
Jumatatu, 11 Machi 1996

Binti yangu,

Barua yako niliianza nimesimama, nikaimaliza nimekaa chini kwenye mifuko ya simiti.

Sikujua. Naapa kwa kaburi la mama yako, sikujua. Laini ilikuwa mbaya siku ile, inakwaruza, sikuyashika maneno. Nilidhani unaniambia mtoto amezaliwa, ndiyo maana nikamshukuru Mungu. Miezi minne hii nimekuwa nikitembea Thika hii nikijihesabu babu. Nimewaambia watu. Nimewanunulia vijana wa hapa soda.

Pole, mwanangu. Pole sana. Ni neno dogo na limechelewa, lakini sina jingine.

Mtoto aliitwa nani? Kama hutaki kuniambia sitakulaumu.

Sweta nimelitundika kwenye msumari nyuma ya mlango. Sijui mtu hufanya nini na kitu kama hicho.

Tarehe ya kazi haijabadilika.

Babako


Kiuu
Ijumaa, 15 Machi 1996

Baba,

Laini ilikuwa safi. Nilisikia redio ya karani wako ikisoma taarifa ya saa saba. Nilisikia hata ukipumua.

Tena mtu asiyeshika maneno huuliza. Husema, "Nini? Sema tena." Wewe hukuuliza hata mara moja. Hilo ndilo linalonila. Nimejaribu kuamini hadithi yako ya laini, kwa maana nataka kuiamini, lakini kila nikifika pale unaposema "Vizuri" inavunjika. Kwa hivyo ama ulisikia na leo unaona aibu, ama hukujali kusikiliza. Chagua moja unijulishe, nami nitajua namna ya kuishi nalo.

Aliitwa Safaa. Alikuwa wa kike. Siku ya saba walimnyoa nywele na kumpa jina hilo, nami nilipokuwa naye peke yangu nilimwita Mbithe, jina la Mama. Junaid alijua, hakukataa.

Ikhlas


Makongeni
Jumanne, 26 Machi 1996

Mbinya mwanangu,

Nimekuweka siku kumi na moja bila jibu. Niliandika barua tatu nikazichana, kwa sababu zote zilikuwa na ile laini mbaya ndani yake.

Ulisema nichague kati ya mambo mawili. Ukweli ni jambo la tatu. Mimi ni kiziwi.

Sisemi kusikia kumepungua kidogo kama wazee wengine. Miaka ishirini na miwili nilisimama katikati ya mashine za kufuma, mia na sitini zikipiga kwa wakati mmoja, na zilinila masikio polepole mpaka mwaka wa tisini na mbili nikaamka siku moja na jogoo wa jirani hayupo tena. Jogoo alikuwepo. Mimi ndiye niliyekuwa nimetoka.

Mama yako alijua, yeye peke yake. Kanisani, sokoni, kwenye mikutano ya harambee, alikaa upande wangu wa kulia. Mtu akinisemesha alinigusa goti, kisha baadaye ananirudia maneno akiwa ananitazama usoni. Wewe ulikuwa umeshakwenda kufanya kazi Nairobi, ukija mara moja moja, na ulikuwa unaniona tu baba mwenye kiburi asiyejibu salamu za watu. Alipofariki nilibaki na macho. Nasoma midomo. Wanaoniita mkali ni kwa sababu nawaamuru wasimame mbele yangu na kusema polepole, nao hudhani ni ukali. Kengele naziwekea kiganja kwa sababu kengele inayolia hutetemeka, na hiyo ndiyo njia pekee ninayoijua.

Lakini simu haina mdomo. Karani akinipa simu, nahesabu mpaka kumi nasema haya. Nahesabu tena, nasema vizuri. Nahesabu mara ya tatu, nasema tumshukuru Mungu, naweka chini. Nimefanya hivyo miaka minne na hakuna aliyegundua, kwa sababu watu wakipiga simu kwa kawaida hawana jambo linalohitaji neno jingine. Siku ile wewe ulikuwa nalo. Ulikuwa unaniambia mtoto amekufa, nami nilikuwa nahesabu.

Unauliza kwa nini sikuuliza, "Nini? Sema tena." Mtu anayesikia kidogo huuliza. Asiyesikia kabisa akiuliza mara moja itabidi aulize milele, na siku hiyo hiyo watajua. Nani angemweka kiziwi asimamie kengele za moto? Niliogopa kukaa chumbani mwangu bila kazi, kimya ndani na kimya nje. Hilo ndilo nililolilinda, na nimelilipia kwako.

Sasa nikueleze ya Jumamosi, maana yanakuhusu.

Tuliwapanga watu. Mmoja kwenye pampu, mmoja kwenye lifti, mmoja kwenye bodi ya feni. Kila ghorofa mtu mmoja wa kuinua mkono akisikia kengele, na mwenzake dirishani wa kuonyesha kitambaa cheupe ili mimi niliye uani nione. Ghorofa ya tatu Erastus alisema atasimama mwenyewe. Ephantus, msimamizi wa mwenye jengo, alikuwa kando yangu na kabrasha lake, na kalamu amekwisha kuifungua. Nikawasha kamba kuukuu chini ya kidude cha moshi kwenye stoo ya chini.

Mbinya, ilikuwa kitu kizuri kutazama. Lifti ilishuka ikafungua mdomo. Feni zikalegea zikasimama. Pampu iliwaka, niliiona ikitingisha bomba. Milango ya ngazi iliachia. Vitambaa vyeupe vikatoka madirishani, chini, kwanza, pili, tatu, vyote vinne. Ephantus akanipigapiga bega. Niliona mdomo wake ukisema, "Mzee, tumemaliza."

Nikamwambia bado sijazibariki.

Nikapanda zikiwa bado zinalia. Ya chini ilitetemeka kiganjani. Ya kwanza ilitetemeka, ya pili pia, na ya tatu pale ngazini. Kisha nikaingia ukumbi wa cherehani, ule ukumbi mrefu, nikaenda mpaka katikati ambako kengele yake imetundikwa kwenye nguzo. Nikaiwekea kiganja. Ilikuwa imetulia tuli, ya baridi. Nikaweka na cha pili. Hakuna kitu.

Nikawaambia hii hailii. Erastus akacheka. Alikuwa amesimama hatua tano kutoka pale na alisema ameisikia kwa masikio yake mawili, na mwenzake wa dirishani pia ameisikia. Ephantus akaja mbele yangu, akasema kwa upole, kama mtu anayemsemesha mgonjwa, "Mzee, watu wote humu wamesikia. Wewe peke yako ndiye hujasikia."

Nilijua hapo hapo kwamba nikisema sawa, natia sahihi, wewe unaanza kazi tarehe mosi, na mimi nabaki na kazi yangu na siri yangu. Nilikuwa na kalamu mkononi. Na mdomo wangu, kwa mazoea, ulikuwa umeshaanza kusema vizuri.

Lakini ghorofa ya tatu ni yako. Nilikuona akilini pale kwenye mashine za kola, umeinama, umegeuzia ngazi mgongo. Na nilikuwa nimeshakuambia vizuri mara moja bila kusikia.

Basi nikasema, "Mimi sijasikia hata ile ya chini. Sijasikia kengele yoyote tangu mwaka wa tisini na mbili. Nazigusa. Na hii haitetemeki."

Nikawaomba jambo moja tu: wafunge mlango wa ngazi, wazime kengele nyingine zote, kisha waipigishe hii moja peke yake. Walifanya, nadhani kwa huruma zaidi. Nami nikasimama katikati ya ukumbi na kuwatazama nyuso, kwa sababu hilo ndilo sikio nililobaki nalo. Ephantus aliinua macho darini akangoja. Yule kijana wa dirishani akageuka huku na huku. Erastus alitazama kengele, kisha akatazama viatu vyake. Nikajua kumetulia.

Walipoifungua, waya mbili zilikuwa zimening'inia nyuma bila kuungwa. Alikuwa amezijaribu kengele zote mezani kwa betri, zote nzima, akazitundika, na ile moja akasahau kuiunga. Hakusema uongo kwamba amesikia. Ukumbi ule bado mtupu, hauna cherehani hata moja, na sauti ya kengele ya ngazini huingia na kuujaza. Mtu akingoja kusikia kengele, akasikia kengele, haulizi ni ipi. Ila ziwashwe cherehani mia mbili na mlango ufungwe, hapo hakuna ambaye angesikia chochote.

Nimetia sahihi kwenye karatasi inayosema jengo halijapita. Erastus alikuja akanipa mkono, hakuweza kunitazama. Jana Ephantus aliniita, akasema polepole mbele ya uso wangu kwamba wananishukuru, na kwamba majaribio ya marudio yatasimamiwa na mtu mwingine, maana haitaonekana vizuri kwa mtu wa bima wakisema kengele zilisikilizwa na kiziwi. Sikumlaumu. Mimi mwenyewe ningesema hivyo.

Tarehe mosi Aprili haipo tena. Nimekuharibia tarehe yako na mahali pako penye kelele. Kama ungekuwa umenisamehe ningekuomba unisamehe na hili pia.

Safaa. Nimeliandika jina lake ukutani kando ya msumari wa sweta. Na Mbithe chini yake.

Babako,
Munyao


Kiuu
Jumamosi, 6 Aprili 1996

Baba,

Nzau amesimama mlangoni kwangu wiki nzima akingoja jibu, na kila siku nilimwambia kesho. Leo amesema hatatoka hapa mpaka nimpe kitu, hata bahasha tupu. Yuko nje anakula mandazi yangu.

Sikuandika kwa sababu nilikuwa na hasira ya miezi mitano na sikujua tena niiweke wapi. Niliyekuwa nimemkasirikia ameondoka, na mahali pake amekaa mzee anayehesabu mpaka kumi. Bado nimekasirika, nisikufiche. Ungeniambia. Mama alikuwa masikio yako, nami ni mtoto wa Mama. Ningejifunza kugusa goti.

Kazi tutaanza tarehe 22. Supavaiza alipotangaza, wasichana walimlaani Mzee Munyao mpaka basi. Safari hii nilisimama nikasema huyo ni babangu, nikawaeleza habari za ile kengele ya ukumbini. Mukonyo, nitakayepakana naye mashine, aliuliza kama kiganja kinatosha au lazima viwe viwili.

Jana nilimsomea Junaid barua zako zote tangu ya kwanza. Nilipofika pale unaposema ulikuja Januari ukapiga hodi, alinishika mkono, akasema, "Ngoja. Unamkumbuka yule mtu?"

Nilimkumbuka. Ilikuwa Jumapili alasiri. Nilikuwa kitandani, Junaid yuko nyuma anatawadha. Mtu alipiga hodi, nikaitikia karibu. Akapiga tena, nikaitikia kwa sauti zaidi, na Junaid naye akapaza sauti kutoka nyuma, karibu, ingia. Akapiga mara ya tatu, tukaitikia wote wawili kwa pamoja. Hakuna aliyeingia. Junaid alipofika mlangoni na kufungua, alimwona mzee mmoja mwenye koti la kahawia ameshafika mwisho wa ploti, anatembea polepole. Alimwita. Alimwita mara mbili, na yule mzee hakugeuka. Tukasema ni mtu aliyekosea nyumba.

Nimekaa na hilo tangu jana. Ulisimama hatua sita kutoka kitandani kwangu. Ulikuwa umevaa lile koti la kahawia alilokununulia Mama.

Junaid anasema desturi ni hodi tatu, usipoitikiwa uende zako, na kwamba wewe uliishika kuliko watu wengi anaowajua msikitini. Anakusalimu. Anasema pia kwamba anajua kusema polepole.

Jumapili ijayo, tarehe 14, tutakwenda makaburini kwa Safaa. Nataka tuwe watatu. Litoe lile sweta msumarini uje nalo. Nataka kulishika. Nitakusimulia zile siku tisa, zote, nikiwa nimekaa mbele yako, na usiponipata mahali utaniambia, "Nini? Sema tena," nami nitasema tena.

Mlango nitauacha wazi tangu asubuhi. Usipige hodi, Baba. Ingia tu.

Binti yako,
Mbinya